Bunduki ya Kuchezea Ikifunguliwa Nyumbani



Kila siku ya kupima watoto tunazungumza juu ya malaria, juu ya kuhara, juu ya chanjo. Leo tutazungumza juu ya kitu kingine kabisa, na labda wamama wengine watacheka. Ni juu ya bunduki ya kuchezea, ile inayotupa vidonge vya plastiki. Chekeni kwanza, halafu musikilize.

Kisha Bonane, mama mumoja aliingia hapa mbio pamoja na kijana wake wa miaka 13. Kijana alikuwa amefunika jicho la kuume kwa mikono yote mbili. Hakuna mutu aliyemupiga. Hata kucheza hakuwa akicheza. Alikuwa ameketi kwenye meza nyumbani kwao na turnavisi mukononi. Mujomba wake anayekaa Ulaya alimutumia bunduki ile kwa zawadi, ikaharibika kisha siku kidogo, na kijana akasema: «Mimi nitaitengeneza.» Alipofungua visi ya mwisho, resori ya ndani iliruka pamoja na kipande cha plastiki, ikamupiga jichoni.

Mama yake aliniambia: «Nilifurahi kumuona ameketi kimya. Nilifikiri, mutoto akiketi kimya na kazi ya mikono, hakuna hatari.»

Neno lile sijalisahau, kwa sababu sisi wote tunafikiri vile. Tunaogopa wakati watoto wanakimbia na kupigana. Akiwa kwenye meza tunarudi kwa sufuria zetu. Lakini kwa kitu hiki, hata kwenye meza mambo mabaya yanaweza kutokea.

KITU HIKI NI NINI?

Bunduki za namna hii zilianza katika inchi ya Japani, katika miaka ya 1970. Kule sheria inakataza sana raia kuwa na bunduki ya kweli, kwa hiyo watu waliopenda kucheza muchezo wa waaskari walitengenezewa mifano ya plastiki. Mwaka 1991 kiwanda kimoja cha kule, Tokyo Marui, kilitoa ile ya kwanza inayoendeshwa na motere na batiri. Ilifanana na FAMAS, bunduki ya jeshi la Ufaransa. Tangu pale muchezo umeenea Ulaya na Marekani. Watu wazima wanalipa pesa, wanavaa miwani minene na kitu cha kufunika uso, na wanatupiana vidonge katika pori. Sisi tuna kazi nyingine, lakini kila mutu na muchezo wake.

Kidonge chenyewe ni kidogo, milimetre 6, kama punje ya mutama kubwa. Uzito wake wa kawaida ni sehemu mbili za kumi za gramu. Utasema: kitu kama hiki kinaweza kufanya nini? Sikiliza. Katika mifano mingi ya watu wazima, kidonge kinatoka kwa mwendo wa metre karibu 100 kwa sekunde moja. Ni kusema, kama hewa haingekizuia, ukihesabu «moja» tu, kingekuwa kimefika mwisho wa uwanja wa mupira. Kwa ngozi ya mukono kinaacha alama nyekundu. Kwa jicho, ambalo ni laini kama yai lililochemshwa kidogo, ni jambo lingine. Japani ilitia sheria katika mwaka 2006: nguvu ya kidonge kile isipite joule 0.98. Uingereza nayo iliweka mipaka yake katika mwaka 2017.

Zile ndogo za bei rahisi, za kuvuta kwa mukono, zinazouzwa na vidonge vya manjano ndani ya sachet, hazina nguvu kama ile. Lakini ndani kuna kitu kilekile: resori.

RESORI NI KAMA MUTEGO WA PANYA

Mumeona resori, ile waya ya chuma iliyojizungusha, kama ndani ya kalamu ya biki au ndani ya matela. Ndani ya bunduki ya kuchezea, resori inasukumwa nyuma na kufungiwa. Mutoto akivuta kidole, inaachiliwa, inasukuma hewa, na hewa inasukuma kidonge. Hakuna baruti, hakuna moto. Nguvu yote inakaa ndani ya ule uzi wa chuma uliokunjwa.

Sasa, nani kati yenu angetia uso juu ya mutego wa panya uliotegwa? Hakuna. Lakini resori hii imefichwa. Kijana anaona plastiki na visi tu. Na jambo ambalo wengi hawajui ni hili: hata ndani ya bunduki iliyolala kimya, resori inabaki imekunjwa kidogo, na kama bunduki iliharibika katikati ya kupiga, inaweza kuwa imekunjwa kabisa. Visi ndizo zinaizuia. Ukiondoa visi, umeondoa mulango. Na anayeondoa visi ameinama, uso wake uko karibu, pengine sentimetre 30 tu, na miwani hana, sababu miwani anavaa wakati wa muchezo.

Hata wale mafundi wa kule wanaozifungua kila siku wanajua hofu hii. Wengine wanafungua sanduku ya ndani wakiwa wameitia ndani ya sachet kubwa inayoonyesha, kusudi kila kitu kinachoruka kikamatwe pale. Wanashika ile resori na chombo kabla ya kutenganisha. Kama fundi mukubwa anafanya hivi, kijana wa miaka 13 peke yake juu ya meza ya kulia chakula atafanya namna gani?

Kuna namna ya pili ya kuumia, nayo ni ya kusikitisha sababu ni rahisi kuizuia. Kijana anaondoa sanduku ya vidonge, anasema: «Haina kitu.» Lakini kidonge kimoja kimebaki ndani ya mupira wake wa chuma. Anaangalia ndani ya tundu kuona kama kuna uchafu, mudogo wake anagusa kidole cha chini. Wamama, macho mengi yamepotea kwa neno lile «haina kitu», na kwa bunduki za kweli ni roho za watu.

Na namna ya tatu: kuongeza nguvu. Vijana wengine hawaridhiki na resori ya kiwanda, wanatia nyingine ngumu zaidi. Kidonge kilekile kikitoka kwa metre 150 kwa sekunde pahali pa 100, nguvu yake haiongezeki nusu tu, inakuwa zaidi ya mara mbili. Na sanduku ya plastiki haikutengenezwa kwa nguvu ile, inapasuka. Ukisikia kijana wako anajisifu kwamba yake sasa inatoboa mukebe wa maziwa, usicheke naye. Iondoe nyumbani ile siku.

JICHO LIKIPIGWA

Hapa ndipo ninaomba musikilize sana, hata kama nyumbani kwenu hakuna bunduki ya kuchezea. Jicho linaweza kupigwa na mupira wa resori, na jiwe la manati, na kipande cha kuni. Kazi ya kwanza ni moja.

Kwanza yale tusiyofanya. Hapana kusugua. Hapana kukamua wala kulifungua kwa nguvu kwa vidole. Hapana kutia maji ya majani, wala mukojo, wala mafuta, wala dawa ya jicho iliyobaki ya jirani. Na hapana kutia maziwa ya titi. Ninajua maziwa ya mama ni mema, mimi mwenyewe ninayasifu kila asubuhi hapa kwenye benchi. Lakini kazi yake ni ndani ya tumbo la mutoto. Ndani ya jicho lililopasuka yanapeleka vijidudu.

Kama kipande kimesimama ndani ya jicho, usikivute. Kinaweza kuwa ndicho kinachozuia maji ya jicho yasitoke. Ukikivuta, jicho linajimwaga.

Sasa yale tunayofanya. Muketishe mutoto, kichwa juu. Chukua kikombe cha karatasi au kata chini ya kikombe cha plastiki, kiweke juu ya jicho bila kugusa jicho, kikae juu ya mifupa ya kando, kisha ukifunge polepole kwa kitambaa au sparadra. Hapana pamba ya kufinya. Kikombe kinakataza mukono wa mutoto, sababu mutoto atasugua, hata umukataze mara kumi. Kwa maumivu, paracetamol ya kipimo cha miaka yake. Lakini si aspirini wala ibuprofeni, sababu hizo zinaweza kuongeza kutoka damu. Kama hospitali ni karibu, asile kwanza, labda daktari atataka kumupasua. Muje mara moja, hata usiku. Ukipanda piki, mwambie dereva aende polepole kwenye mashimo.

Mama ataniuliza: «Na kama jicho linaonekana zima?» Angalia mbele ya ile sehemu yenye rangi. Ukiona damu imekaa chini kama maji ndani ya kikombe, hiyo ni damu ndani ya jicho. Mboni ikiwa haiko duara tena, au jicho moja linaona ukungu, au kijana anaona kama mbu weusi au umeme, au anatapika, muje. Hata kama maumivu yamekwisha. Maumivu yakiisha si kusema jicho limepona.

Yule kijana wa Bonane alikuwa na ile damu. Tulimulaza kichwa kikiwa juu, kitanda kimeinuliwa, siku nyingi bila kukimbia wala kuinama. Alichoka, alilia kwa kuchoka zaidi kuliko kwa maumivu. Lakini katika siku 5 za kwanza damu inaweza kutoka mara ya pili, na ile ya pili mara nyingi ni mbaya kuliko ya kwanza. Jicho lake linaona sasa. Bado ni lazima apimwe kila mwaka, sababu jicho lililopigwa hivi linaweza kupanda presha yake kisha miaka, bila kuuma, na kufa polepole. Mama alishangaa: «Kila mwaka, mpaka akiwa muzee?» Ndiyo mama, mpaka akiwa muzee.

BATIRI NA VITU VIDOGO

Zile zenye motere, nyingine zina batiri ya litiamu, bapa, laini kama biskuti ndani ya plastiki. Nguvu yake ni nyingi kuliko pile ya redio. Ikitobolewa na turnavisi, au waya zake mbili zikigusana wakati kijana anaunga, inaweza kuwaka moto mara moja, na moshi wake ni sumu. Batiri iliyovimba haichajiwi tena. Usiitupe ndani ya moto wa taka wala ndani ya choo. Itie ndani ya mukebe wa muchanga, nje, mbali na nyumba, mpaka upate mutu anayejua. Na hakuna kuichaji usiku watu wamelala.

Mutoto akiungua: maji baridi safi, yapite juu ya pahali palipoungua dakika 20. Ni ndefu, ninajua, na kuchota maji ni kazi. Tafuta hata kwa jirani. Hapana dawa ya meno, hapana mafuta ya mawese, hapana unga wa muhogo. Tunatumia saa nzima kuosha mambo hayo, na mutoto analia saa nzima.

Sasa wewe uliye na mutoto mudogo mugongoni. Kaka yake akifungua bunduki sakafuni, vipande vinatawanyika, na mudogo anatambaa nyuma yake akikusanya. Kidonge cha plastiki kinaingia puani na masikioni. Usijaribu kukitoa kwa kijiti, utakisukuma ndani. Kikiingia katika njia ya pumzi na mutoto wa chini ya mwaka moja hawezi kulia wala kukohoa, mulaze kifudifudi juu ya mukono wako, kichwa chini, mupige mara 5 kati ya mabega. Kisha mugeuze na umusukume kifua mara 5 kwa vidole viwili. Endelea hivi mukikimbia kwetu.

Mubaya kuliko vyote ni pile ya duara, bapa kama kifungo cha shati, ile ya kuwasha taa nyekundu na sauti ndani ya vitu vya kuchezea. Ikikwama kooni inaunguza nyama katika saa 2 tu. Mutoto anaweza kuonekana muzima, anatoa mate tu au anakataa kula. Hapana kumutapisha. Muje mbio apigwe picha ya radio. Kama amepita mwaka moja na hazijapita saa 12 tangu ameze, mupe asali vijiko vidogo 2 kila dakika 10 njiani, isipite mara 6. Asali inapunguza kuungua, lakini haiondoi pile. Chini ya mwaka moja, hakuna asali hata kidogo. Na usikawie nyumbani kwa kutafuta asali.

NCHA YA RANGI YA MACHUNGWA

Jambo moja bado, nalo si la dawa.

Marekani, sheria inataka kila bunduki ya kuchezea iwe na ncha ya rangi ya machungwa mbele, kusudi polisi na watu wajue kwamba si ya kweli. Vijana hawapendi rangi ile. Wengine wanaikata, wengine wanaipaka nyeusi, na wengine, wakifungua bunduki kuitengeneza, wanashindwa kuirudisha.

Tarehe 22 Oktoba 2013, katika muji wa Santa Rosa, California, kijana wa miaka 13, Andy Lopez, alikuwa akitembea na mufano wa AK-47 wa kutupa vidonge. Ncha ya machungwa haikuwako. Polisi alimupiga risasi, akafa. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Novemba 2014, katika muji wa Cleveland, Ohio, Tamir Rice, mutoto wa miaka 12, alikuwa akicheza kwenye uwanja na bastola ya vidonge aliyopewa na rafiki. Rafiki yule alikuwa ameifungua kuitengeneza, na ncha haikurudi pahali pake. Mutu mumoja alipiga simu polisi, akasema pengine ni ya uongo. Neno lile halikuwafikia polisi waliotumwa. Gari lilifika, na katika sekunde kama 2 tu mutoto alipigwa risasi. Alikufa siku iliyofuata.

Sikuandika hayo kusudi tuhukumu watu wa mbali. Watu wengi wanaendelea kubishana juu ya polisi wale, na mama ya Tamir alipigana miaka kwa ajili ya mwana wake. Ninauliza tu juu ya hapa kwetu, ambako bunduki za kweli ni nyingi na wanaozibeba wana hofu, na muchana hawana uvumilivu, je, usiku? Kule kuna sheria ya rangi. Hapa mutu mwenye silaha hatauliza rangi. Kijana aliyepaka yake nyeusi kusudi ifanane, akapita nayo barabarani magaribi, ametengeneza kitu kimoja tu: sababu ya kupigwa risasi. Kitu cha namna hii kisitoke nje ya kiwanja. Kisiende shuleni, kisiende kisimani, kisitiwe ndani ya mufuko wa basi.

NA KIJANA ANAYEPENDA KUFUNGUA VITU?

Usimupige. Kijana anayetaka kujua ndani ya kitu kuna nini, ndiye atakayetengeneza mashine ya kusaga au moteri ya umeme ya hospitali hii kesho, na Mungu anajua moteri yetu inamungojea. Mupeleke kwa fundi wa redio au wa kinga, ajifunze pale akiwa na mukubwa. Nyumbani mwambie hivi: kitu chenye resori hakifunguliwi bila mutu mukubwa, bila miwani, wala pahali watoto wadogo wanatambaa. Kabla ya kugusa visi, sanduku ya vidonge inatoka kwanza, tundu linaelekezwa udongoni na kupigwa mara mbili au tatu, kisha batiri inatoka. Kama wewe na baba yake hamuwezi kusimamia, basi bunduki ile iliyoharibika ibaki imeharibika.

Na kama mambo yametokea, usikusanye vipande na kuvitupa kwa haya. Mama wa Bonane alivitupa chooni kusudi mume asivione, na ilitubidi kutafuta kwa taa na picha kama kimoja kilibaki ndani ya jicho. Tia vyote ndani ya sachet, hata visi, hata ile resori, na ulete pamoja na mutoto. Tutavihesabu naye, na kama kimoja kimekosekana tutajua pa kutafuta.